Je, Mwili wa Mtoto Hupigana na Insulini?

(Muziki kidogo, kisha upunguzwe. Muuguzi aanze.)

Bwakire, akina mama wa Kisii na Nyamira, pamoja na nyinyi nyote mnaolea watoto: nyanya, shangazi, dada mkubwa, na baba uliyebaki na watoto nyumbani. Mwenye sufuria ya chai jikoni aipunguzie moto kidogo, asogee karibu na redio.

Leo nimekuja na jambo ambalo akina mama huniambia kwa sauti ya chini, baada ya wengine kutoka chumbani. Mama ana mtoto mwenye ugonjwa wa sukari, na mtoto huyo anadungwa sindano ya insulini kila siku. Mama anaangalia mlangoni, kisha ananiuliza: "Sista, ni kweli hii dawa inatoka kwa nguruwe?" Mwingine anasema: "Sista, nimeambiwa mwili wa mtoto unapigana na hii sindano, na ndiyo sababu anavimba hapa pajani. Si afadhali nimpumzishe kwanza?"

Hilo neno "nimpumzishe" ndilo lililonileta hapa leo. Mtoto wa sukari ya sindano akipumzishwa insulini hata kwa siku mbili tatu, anaweza kufa. Lakini sitaki kuwagombeza akina mama wanaouliza, kwa maana walilosikia si uongo mtupu. Lina mzizi wa kweli, ila mzizi huo ni wa zamani. Tuufukue polepole.

Tuanze na insulini yenyewe. Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kiitwacho kongosho. Ukichinja mbuzi na kumpasua unakiona, ni chembamba, kimelala karibu na utumbo, wengi hukitupia mbwa bila kujua kazi yake. Kongosho ndiyo inayotengeneza insulini. Ukila obokima, ndizi, viazi au mkate, chakula hicho hugeuka kuwa sukari katika damu. Sukari hiyo haiwezi kuingia vizuri ndani ya misuli mpaka insulini iifungulie mlango. Pasipo insulini, sukari hujaa katika damu huku mwili wenyewe ukilala njaa. Ndiyo maana mtoto anakula sana na bado anakonda, anakunywa maji mtungi mzima, na anakojoa usiku kucha hata kama alikuwa ameacha kukojoa kitandani.

Kwa watu wazima wengi wenye sukari, insulini bado ipo kidogo ila haifanyi kazi vizuri, ndiyo maana wengine wanatumia vidonge. Kwa watoto wengi haiko hivyo. Kwao kongosho imeacha kabisa, au karibu kabisa, kutengeneza insulini. Hakuna kidonge wala mizizi ya kuchemsha itakayochukua nafasi yake. Insulini nayo haimezwi, kwa sababu ni protini, na tumbo lingeimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama. Lazima idungwe chini ya ngozi.

Sasa tuje kwa askari. Kila mwili una kinga yake. Ifikirie kama mbwa wa boma. Mbwa mzuri anajua harufu ya watu wa nyumbani, hawabwekei. Mgeni akiingia, anabweka. Mgeni huyo akirudi mara ya pili, mbwa anamkumbuka na kubweka kwa haraka zaidi. Hiyo ndiyo siri ya chanjo tunazowapa watoto wenu kliniki: tunamwonyesha mbwa harufu ya adui mapema, ili adui mwenyewe akija asimkute amelala. Katika damu, silaha ambazo kinga hutengeneza dhidi ya mgeni huitwa antibodi. Kila antibodi hushika mgeni wa aina moja, kama kufuli na ufunguo wake.

Basi swali linakuja: ukidunga insulini ya mnyama mmoja ndani ya mnyama mwingine, mbwa wa boma atabweka au atanyamaza?

Hapo ndipo turudi nyuma kidogo, mpaka mji wa Toronto, nchini Kanada, mwaka 1921. Kabla ya mwaka huo, mtoto akipata sukari ya aina hii alikuwa anakufa. Daktari angeweza kumpunguzia chakula, akaishi miezi zaidi akiwa mifupa mitupu, basi. Daktari kijana aitwaye Frederick Banting na mwanafunzi Charles Best waliwatoa mbwa kongosho ili wapate sukari, halafu wakawadunga maji yaliyokamuliwa kutoka kongosho za wanyama wengine. Sukari ya mbwa hao ilishuka. Mmoja wao, jina lake Marjorie, aliishi kama siku 70 bila kongosho, jambo ambalo halikuwa limewezekana. Kongosho za mbwa hazingetosha dunia, kwa hiyo wakaenda machinjioni na kuchukua za ng'ombe.

Mnamo tarehe 11 Januari 1922 walimdunga mtoto wa kwanza, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa karibu kufa. Sikilizeni vizuri lililotokea. Sukari ilishuka kidogo tu, na pale alipodungwa pakavimba na kufanya jipu. Dawa ilikuwa chafu. Ndani yake mlikuwa na insulini, ndiyo, lakini pia mlikuwa na mabaki mengine mengi ya kongosho ya ng'ombe. Wangeweza kusema mwili umekataa, tuache. Hawakuacha. Mwenzao James Collip alikesha akiisafisha, na tarehe 23 Januari wakamdunga tena. Mara hii sukari ilishuka vizuri. Leonard aliishi miaka 13 zaidi, hadi 1935.

Kuanzia hapo, kwa muda wa miaka 60 hivi, insulini iliyotumika duniani ilitoka kwa kongosho za ng'ombe na nguruwe. Kwa hiyo mama aliyeniuliza kuhusu nguruwe hakuota. Habari hiyo ilikuwa kweli wakati nyanya yake alikuwa msichana.

Na mwili, je? Insulini imejengwa kwa vitofali 51 vilivyopangwa kwa mstari. Ya nguruwe inatofautiana na ya binadamu katika kitofali kimoja tu. Ya ng'ombe inatofautiana katika vitofali vitatu. Unaweza kusema vitatu kati ya 51 ni nini? Lakini mbwa wa boma ana pua kali. Wagonjwa wengi waliodungwa insulini ya ng'ombe walitengeneza antibodi, na waliodungwa ya nguruwe walitengeneza pia, ila kwa kawaida kidogo kuliko ya ng'ombe.

Wanyama nao hufanya vivyo hivyo. Insulini ya mbwa ni sawasawa na ya nguruwe, kitofali kwa kitofali. Kwa hiyo mbwa mwenye sukari (ndiyo, mbwa hupata sukari, na paka pia) akidungwa insulini ya nguruwe, kinga yake haioni mgeni wa kubwekea. Akidungwa ya ng'ombe, anaweza kutengeneza antibodi za kutosha kuiharibu kazi ya dawa. Paka ni kinyume: insulini yake iko karibu zaidi na ya ng'ombe.

Halafu kuna simbilisi, yule mnyama mdogo kuliko sungura, wa masikio mafupi na asiye na mkia, ambaye watoto wa huku wengine wanamfuga kama mchezo. Insulini ya simbilisi iko mbali sana na ya wanyama wengine. Mdunge simbilisi insulini ya ng'ombe, kinga yake itapiga kelele kijiji kizima, na damu yake itajaa antibodi zenye nguvu. Mwaka 1955 watafiti wa Toronto walichukua majimaji ya damu ya simbilisi wa namna hiyo wakawadunga panya wazima wasio na ugonjwa wowote. Panya hao wakapata sukari, kwa sababu antibodi za simbilisi zilishika insulini ya panya wenyewe na kuifunga isifanye kazi. Ni jambo la kutisha kidogo, lakini lilionyesha wazi kwamba antibodi zikiwa nyingi na kali, zinaweza kuizuia insulini.

Na kwa binadamu? Katika miaka hiyohiyo ya 1950, mwanamke mmoja wa New York aitwaye Rosalyn Yalow, pamoja na mwenzake daktari Solomon Berson, walidunga watu insulini iliyotiwa alama ndogo ya mnururisho ili waone inakaa kwa muda gani katika damu. Walitarajia kwamba kwa mgonjwa wa sukari itatoweka upesi. Wakakuta kinyume: kwa watu waliokuwa wamedungwa insulini siku nyingi, ilikawia katika damu, kwa maana ilikuwa imeshikwa na antibodi. Wakubwa wa sayansi hawakuamini. Walisema insulini ni ndogo mno kuamsha kinga, na jarida moja likakataa makala yao mpaka waliondoe neno "antibodi" katika kichwa. Wakaliondoa, ikachapishwa mwaka 1956. Kisha wakazigeuza zile antibodi za simbilisi kuwa chombo cha kupima insulini katika damu, kiasi kidogo sana ambacho hakuna aliyekuwa akiweza kukipima. Mwaka 1977 Yalow alipewa Tuzo ya Nobel. Berson hakuiona, alikuwa amefariki mwaka 1972. Napenda kusimulia habari za mama huyu kwa wasichana wanaosikiliza, kwa sababu alianza kwa kuandika barua na kuchapa kwa taipureta ili apate nafasi ya kuendelea na masomo.

(Muziki, sekunde chache.)

Tumerudi. Kama umejiunga sasa hivi, tunazungumza juu ya sindano ya insulini na kinga ya mwili.

Antibodi zile zilimfanyia nini mgonjwa? Wengi hazikuwafanyia kitu cha kuonekana. Dawa ilishikwa kidogo, ikaachiliwa polepole, maisha yakaendelea. Lakini wachache walipata taabu. Fikiria sponji ya kuoshea vyombo. Unamwaga maji, inayanywa, huoni kitu. Baadaye ukiikanyaga, maji yote yanatoka kwa mpigo. Ndivyo antibodi nyingi zilivyofanya: mgonjwa anadungwa, sukari inabaki juu, usiku wa manane insulini inaachiliwa, sukari inaanguka. Wengine walihitaji yuniti zaidi ya 200 kwa siku ndipo sukari itulie. Wengine walibonyea ngozi mahali pa sindano, mafuta ya chini ya ngozi yakayeyuka, pakabaki shimo kama la kidole kwenye unga. Huo ndio mzizi wa kweli niliowaambia.

Sasa tuukate. Katika miaka ya 1970 viwanda vilianza kusafisha insulini ya wanyama vizuri zaidi, na antibodi zikapungua sana, na yale mashimo ya ngozi yakawa machache. Mnamo 1978, wanasayansi wa California waliweza kuwapa bakteria maagizo ya kutengeneza insulini ya binadamu, vitofali vyote 51 kama vilivyo ndani yako na yangu. Mwaka 1982 ikaruhusiwa kutumika Marekani. Siku hizi insulini ya binadamu hutengenezwa na bakteria au na hamira, ndugu wa hii tunayotia kwenye mandazi. Ipo pia nyingine iliyobadilishwa kidogo makusudi ili ifanye kazi haraka zaidi au ikae zaidi.

Kwa hiyo, mama, chukua ile chupa ndogo ya dawa ya mtoto, au boksi lake, usome. Ukiona imeandikwa kwa Kiingereza "human", maana yake ni insulini ya aina ya binadamu. Haikutoka kwa nguruwe. Wengi wetu huku Gusii ni Waadventista wa Sabato, nguruwe haingii nyumbani, na majirani zetu Waislamu wa Kisii mjini ni vivyo hivyo. Hata kama ingetoka kwa nguruwe, mimi ningekuomba ukae na mchungaji au imamu wako muongee juu ya uhai wa mtoto kabla ya kuitupa. Lakini kwa chupa hiyo mazungumzo hayo hayahitajiki. Na kwa wale watakaouliza mpaka mwisho: katika ile insulini ya rangi ya maziwa huwa mna kitu kiitwacho protamini, cha kuichelewesha, ambacho asili yake ni samaki wa jamii ya salmoni. Ana mapezi na magamba.

Je, mbwa wa boma sasa amenyamaza kabisa? La, siwezi kuwadanganya. Hata insulini ya binadamu ikidungwa, watu wengi hutengeneza antibodi kidogo. Kwa kawaida insulini hutoka ndani, kutoka kongosho, polepole na kwa kiasi. Ikipita chini ya ngozi kwa sindano, kila siku, pamoja na dawa za kuihifadhi, kinga huja kuchungulia. Kwa watoto walio wengi sana hilo halina madhara yoyote. Mtoto anakua, anasoma, dawa inafanya kazi. Antibodi kuwepo katika damu si sababu ya kuacha sindano.

Lakini ngozi ya mtoto wewe ndiwe unayeiona kila siku, kuliko mimi. Nataka ujue kutofautisha mambo.

La kwanza ni wekundu na mwasho pale ulipodunga, dakika chache au saa kadhaa baadaye, ukubwa wa sarafu hivi. Hii huweza kuwa kinga imeamka, ama kwa insulini yenyewe ama kwa kile kinachochanganywa nayo. Mara nyingi huisha yenyewe ndani ya wiki chache mtoto akiendelea na dawa. Mwambie muuguzi, aandike. Ikizidi, ipo dawa ya kutuliza mwasho, na ipo njia ya kubadilisha aina ya insulini. Kubadilisha, mama, si kuacha.

La pili ni hatari na ni nadra mno: mtoto kudungwa, halafu mwili mzima ukatoka vipele vya kuvimba, midomo na macho yakafura, akapumua kwa shida au akalegea. Hapo hakuna kungoja asubuhi. Pikipiki, gari la jirani, chochote, mpaka hospitali, ukiwa na ile chupa mkononi.

La tatu ndilo ninaloliona mara nyingi kuliko yote, nalo wala si kinga. Ni uvimbe laini, kama kipande cha mpira chini ya ngozi, usiowasha wala kuuma. Ukimuuliza mtoto, "unadungwa wapi kila siku?" anakuonyesha palepale. Insulini hukuza mafuta mahali inapodungwa mara kwa mara. Watoto hupapenda hapo kwa sababu pamekufa ganzi, sindano haiumi. Shida ni kwamba dawa ikiingia kwenye uvimbe huo haitoki vizuri. Leo inatoka nusu, kesho yote. Sukari inapanda na kushuka, nyumbani wanasema dawa imekataa mwili, kumbe imefungiwa ghala.

Dawa ya hilo ni kuhama. Tumbo, mapaja yote mawili, makalio, nyuma ya mkono wa juu: zungukeni kama mkulima anayebadilisha shamba la mahindi na maharagwe. Kila sindano ikae umbali wa kidole kutoka ile ya jana. Pitisha kiganja chako juu ya ngozi ya mtoto mara moja kwa wiki, uhisi kama kuna mahali pamekuwa pagumu au pamejaa. Na hapa kuna tahadhari ambayo wengi hawaambiwi. Ukihama kutoka kwenye uvimbe kwenda ngozi safi, kiasi kilekile cha dawa kitafanya kazi kwa nguvu zaidi, na sukari inaweza kuanguka. Kwa hiyo ongea kwanza na kliniki, huenda watapunguza yuniti kidogo, na mpime mtoto mara nyingi zaidi siku hizo. Mtoto akianza kutetemeka, kutoka jasho, kusema maneno yasiyoeleweka au kukasirika bila sababu, mpe sukari mara moja: vijiko vitatu vya chai katika maji, kisha chakula. Akiwa amezimia, usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlaze kwa ubavu, mkimbize hospitali.

Lile shimo la ngozi nililolitaja kwa insulini ya zamani bado huonekana mara mojamoja. Ukiona mahali pamebonyea, usidunge tena hapo, na upaonyeshe kliniki.

Sasa niwaambie jambo linaloshangaza wengi. Tumesema mwili unaweza kupigana na insulini iliyodungwa. Lakini kwa mtoto mwenye sukari hii, vita vilianza kabla ya sindano ya kwanza. Ugonjwa wenyewe ni kosa la kinga. Mbwa wa boma amemsahau mwenye nyumba, akaanza kuziuma zile chembechembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Kwa watoto wadogo, mara nyingi antibodi dhidi ya insulini yao wenyewe ndizo za kwanza kuonekana, miezi au miaka kabla mtoto hajaugua. Mtoto hakuwa amedungwa hata mara moja. Kwa hiyo mtu akikuambia sokoni Keroka kwamba sindano ndizo zilizomharibu mtoto wako, mwambie mpangilio wake ni wa nyuma mbele. Wala si mate ya shangazi, wala si sukari uliyotia kwenye uji, wala si dhambi ya mtu. Wataalamu walijaribu hata kuwadunga insulini kidogo watoto waliokuwa karibu kuugua, wakitumaini kinga itaizoea. Kwa panya ilikuwa imeleta matumaini. Kwa binadamu, matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha haikuzuia ugonjwa.

Katika vita hivyo kuna kipindi cha ujanja, na hapa naomba usogee kabisa karibu na redio. Mtoto akigunduliwa na kuanzishwa insulini, wiki chache baadaye anaweza kuonekana kama amepona. Sukari inatulia, yuniti zinapunguzwa, anacheza. Zile chembechembe chache zilizobaki kwenye kongosho zimepumzika kidogo, zimepata nguvu za mwisho. Kipindi hiki huweza kuchukua wiki au miezi. Ndipo jirani anakuja na chupa ya mizizi, au mtu anamwombea, na siku ya pili sukari ni nzuri. Familia inasema ameponywa, sindano inatupwa chooni. Mimi ninaamini maombi, na huomba na wagonjwa wangu. Lakini ombeni huku mkidunga. Kinga haijaacha kuuma. Chembechembe zile zikiisha, mtoto asiye na insulini anaanza kutapika, tumbo linamuuma, anapumua kwa nguvu na kwa kina kama aliyepanda mlima wa Manga akikimbia, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Watu wanasema ni malaria, ni taifodi, ni nimonia. Siku zinapotea.

Mama mmoja wa upande wa Borabu alifika na binti yake katika hali hiyo, amebebwa mgongoni ingawa alikuwa msichana wa darasa la tano. Walikuwa wameacha sindano siku nne, kwa sababu mjomba alisema insulini inazoesha mwili vibaya. Yule msichana aliishi, baada ya siku nyingi za maji ya mshipa na insulini. Mjomba huyohuyo ndiye sasa anayemkumbusha saa ya sindano, na ana ukali kuliko mimi.

Kabla sijaondoka, neno juu ya kuhifadhi, kwa sababu linahusu kinga pia. Insulini iliyogandishwa au iliyopikwa na jua hupoteza nguvu, na protini yake hushikana na kufanya vipande vidogo ambavyo kinga huvitambua upesi kuliko insulini nzima. Usiiweke kwenye friza, wala juu ya mabati, wala dirishani. Chupa zisizofunguliwa zikae kwenye friji kama ipo, au ziachwe kliniki mkubaliane. Iliyofunguliwa inaweza kukaa nyumbani kwa wiki nne. Huku kwetu milimani tuna bahati ya baridi. Hata kule Dagahaley, kambi ya wakimbizi ya Dadaab, kwenye joto ambalo Mgusii hawezi kulilalia, utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva uliotoka mwaka 2021 ulikuta insulini ilihifadhi nguvu zake kwa wiki nne, joto likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Chukua chungu cha udongo kikubwa, tia mchanga, kiloweshe maji, ndani yake weka chungu kidogo, na chupa ndani ya mfuko mkavu. Kiweke kivulini, mbali na moto na watoto wadogo. Ile insulini ya maziwa, izungushe taratibu kati ya viganja kabla ya kuvuta, usiitikise kama soda. Ile ya maji inatakiwa kuwa safi kama maji. Ukiona mabonge au nyuzi, usiitumie, irudishe.

Mama anayenyonyesha na yeye mwenyewe anatumia insulini, nyonyesha bila wasiwasi. Kiasi kinachopita kwenye maziwa hakimdhuru mtoto, tumbo lake litakimeng'enya.

Na wewe ambaye mtoto wako hana ugonjwa huu, kama anakojoa sana, ana kiu isiyoisha na anakonda, mpeleke leo kituo cha afya kilicho karibu, ama Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, ama ile ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira. Ukifika, sema maneno haya hata kama hujaulizwa: "Naomba mtoto apimwe sukari." Ni tone moja la damu la kidole. Wahudumu wengi wa afya wa jamii wanaopita vijijini nao wana mashine hiyo tangu mwaka 2023, waulizeni. Waambie pia kama mtoto aliwahi kudungwa insulini, aina gani, na lini mara ya mwisho.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaongea juu ya mtoto mwenye sukari akiwa shuleni: nani amdunge, na mwalimu ajue nini. Tumeni maswali yenu mapema. Kwaherini.

(Muziki wa kumalizia.)